Watu Kumi na Mmoja wa Waikotare

Sensa ya mwaka sitini na moja ilituhesabu sisi wa bonde la Waikotare watu kumi na mmoja. Tulikuwa mia moja thelathini na saba. Kwa hesabu ile tukanyimwa nesi, na aliyeandika kumi na moja ni mimi.

Nilikuwa karani wa sensa wa bonde letu. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili nikaenda kukata miti, lakini mwandiko wangu unasomeka na kila nyumba inanijua, tena nina lori. Bwana wa mjini aliyekuja kutafuta makarani aliniapisha kwa Biblia mezani kwangu, mke wangu Huria akiangalia. Niliapa kwamba nitaandika kila mtu pale atakapolala usiku wa Jumanne, si pengine, na kwamba sitaongeza wala sitapunguza.

Mambo ya nesi yalikuwa yanajulikana. Watu wa afya walikuwa na nesi mmoja wa kuleta upande huu wa milima, akae papo hapo na nyumba yake na dawa zake. Walisema wazi wanataka mahali penye watu mia moja au zaidi. Walitaja Waikotare, na walitaja Tokarau ya pwani, maili thelathini kutoka kwetu, ambako ni ndugu zetu. Tokarau walikuwa sabini na wanne. Sisi tulishaanza kujadili nesi atapewa nyumba ya nani.

Kwangu jambo hili halikuwa la mkutanoni tu. Binti yangu Tiria alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mimba yake ya kwanza ilitoka ndani ya lori langu, mimi kwenye usukani, tumekaa ukingoni tukisubiri mto upungue. Hospitali iko maili arobaini, na barabara inakatiza mto ule ule mara mbili, na madaraja hakuna. Tangu siku hiyo Tiria hakupenda kupanda lori. Nilimwambia, safari hii nesi atakuja kwa miguu hadi kitandani kwako.

Nilipopeleka fomu kwa Shangazi Te Paea, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, alizigeuza juu chini kama mtu anayekagua samaki.

"Za nini?"

"Za kuhesabu watu, Shangazi."

"Baba yangu aliniambia enzi zao walikuja kuwahesabu. Mzungu akamwambia usoni kwamba tunakwisha, kila wakihesabu tunapungua, basi atulize roho. Baba akamuuliza, sasa mnatuhesabu ili mjue siku ya kuja kufunga mlango?"

"Sasa hatupungui. Tunaongezeka, nchi nzima."

"Najua. Nimezaa tisa." Akanirudishia fomu. "Andika wewe, mimi sina miwani. Na usiniandike umri."

"Lazima niandike umri."

"Andika mzee."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi ikaja simu kwa mwalimu, ambaye ndiye peke yake mwenye simu bondeni: Mzee Te Hira amefariki Tokarau.

Te Hira alikuwa mtu mkubwa wa pande zote mbili. Baba yake wa Tokarau, mama yake wetu kabisa, amezaliwa katika nyumba ambayo jiko lake bado limesimama nyuma ya kwangu. Kwetu mtu wa namna hiyo akifa, ukoo wa mama hauendi matangani kulia tu. Unakwenda kumdai. Mnasimama mbele ya maiti, mnasema huyu ni wetu, tupeni tukamzike kwa mama yake. Wenyeji wanakataa, mnashindana kwa maneno siku nzima au mbili. Msipomdai mmemtukana marehemu, maana yake hamkumtaka. Na hamwendi watu watano. Mnakwenda wote, kwa sababu wenyeji wakiangalia langoni wakaona kundi dogo, wanajua mmekuja kwa adabu tu.

Tulikutana marae, uwanja wetu wa mikutano, mbele ya nyumba kubwa ya ukoo. Watu walikuwa wanafunga magodoro tayari. Nikasimama.

"Jumanne ni sensa," nikasema.

"Jumanne iko kila wiki," akasema Shangazi Te Paea, na watu wakacheka.

"Mtu anahesabiwa alipolala. Tukilala Tokarau tumehesabiwa Tokarau."

"Te Hira tutakuwa tumeshamleta nyumbani kabla ya Jumanne," akasema Mjomba Karauria, msemaji wetu. "Au wewe Eru unaona nitashindwa?"

Mtu hawezi kumwambia msemaji wa ukoo wake kwamba atashindwa. Nikakaa. Tulikokotoa siku: Jumapili tufike, Jumatatu tushindane, Jumatatu jioni au Jumanne asubuhi tuwe njiani na jeneza. Ilionekana sawa. Nami nilitaka ionekane sawa, kwa sababu mzee yule ndiye aliyenifundisha kutega mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, mtoni na sikutaka kubaki nyumbani na penseli.

Tuliondoka mia moja ishirini na sita. Lori langu, lori la maziwa, basi la shule, magari mawili madogo na farasi. Walibaki Huria na Tiria, mzee Nopera asiyetembea pamoja na mkewe anayemwangalia, mwalimu Mzungu na mke wake na mtoto wao, na watu wanne wa kukamua ng'ombe wa bonde zima. Kumi na mmoja.

Tokarau tulipokelewa vizuri. Shangazi Te Paea aliinua sauti langoni, ile sauti ya kuwaita wafu na walio hai, na mimi niliyezaliwa naisikia nilijikuta nimevua kofia. Mke wa marehemu, Mama Pirihira, alikuwa amekaa pembeni mwa jeneza na mavazi yake meusi na majani kichwani, hali chakula mchana.

Mjomba Karauria alidai Jumapili jioni, akadai tena Jumatatu mchana kutwa. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Alitaja vizazi kumi na vinne upande wa mama, kimoja kimoja, hakukosea. Wazee wao wakajibu. Mmoja wao, mfupi, mwenye fimbo, akasema:

"Mama yake ni wenu, hakuna anayebisha. Lakini niambie, Karauria, Te Hira aliwahi kulima kiazi gani huko kwenu? Mnamtaka sasa amekwisha kufanya kazi."

Watu wakacheka, na sisi tukacheka, lilikuwa limetungwa vizuri. Lakini jioni Mama Pirihira mwenyewe akasema, bila kusimama, "Atalala nitakapokuja kulala mimi." Yakaisha. Mjane akishasema hivyo hakuna wa kusema zaidi. Maziko yakapangwa Jumatano mchana, maana mwanawe anayekaa Wellington, mji mkuu, alikuwa bado hajafika.

Jumanne asubuhi niliwakuta wetu nyuma ya jiko. Tulikuwa wageni, lakini siku ya tatu mgeni huchukua kisu kama mwenyeji, kwa hiyo walikuwa wanamenya viazi vitamu vipya vya shimoni. Nikaketi juu ya debe.

"Tumemdai, tumenyimwa," nikasema. "Heshima yake amepata. Tukiondoka sasa, saa nane tuko nyumbani. Tulale kwetu leo, kesho asubuhi nawarudisha wote maziko hayajaanza. Mafuta yangu."

Visu viliendelea.

"Leo ndiyo usiku wa mwisho wa marehemu," akasema Mjomba Karauria.

"Najua."

"Usiku wa mwisho ndio watu wanamsimulia. Wanachekesha, wanaimba, asiende peke yake. Sisi ndio upande wa mama. Nani atawasimulia alivyokuwa mtoto? Hawa?"

"Baki wewe, Mjomba. Baki na Shangazi na wazee kumi. Nipe wengine. Nipe watu tisini tu nivuke mia."

"Wee Eru," akasema Shangazi Te Paea, "hebu nitazame. Jana tumenyimwa maiti. Leo watu tisini wanapanda malori wanaondoka. Wenyeji watasema nini?"

Nikaokota kiazi nikakigeuza.

"Sema, si una mdomo?"

"Watasema tumekasirika."

"Watasema tulikuja kuchukua mwili, machozi hatukuja nayo. Na watasema hivyo mpaka wajukuu wa Tiria. Nesi ni nani hapo?"

"Nesi ni wa Tiria, Shangazi."

Akaacha kumenya. Alimpenda Tiria kuliko wajukuu wake wa damu, kila mtu alijua. Akafuta kisu kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Serikali si inasoma?" akasema. "Waandikie barua waambie tulikuwa matangani. Hata Wazungu wanakufa, wataelewa."

Mpwa wangu Hoani, dereva wa basi la shule, alisema yeye yuko tayari kuondoka kama nikisema. Nilimwona anasubiri neno langu. Watu kama arobaini wangenifuata, wenye watoto hasa. Arobaini na wale kumi na mmoja haifiki mia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini ningetoka pale na kuwasha lori, nadhani wangefuata zaidi, maana watu wakisikia injini hukumbuka ng'ombe wao. Sikuwasha. Nilichukua kisu nikamenya.

Karani wa sensa wa Tokarau alikuwa binamu yangu Hamuera, mtu mnene, mchekeshaji, anafuga kondoo na kucheza gitaa. Baada ya chakula cha jioni alipita ndani ya nyumba kubwa na fomu zake, godoro kwa godoro, tumelala safu mbili miguu katikati, na Te Hira barazani na taa yake.

"Jina?"

"Hamu, unanijua jina tangu unakojoa kitandani."

"Jina, bwana. Nimeapa."

"Eruera Takimoana."

"Umelala wapi, Eruera Takimoana?"

"Unaniona."

"Kati ya Mjomba Karauria na ukuta. Pole. Anakoroma." Akaandika. "Hivi nyinyi wa bondeni mmefika wangapi?"

"Mia moja ishirini na sita."

Akalamba ncha ya penseli. Naye alijua habari ya nesi. Akanitazama, mzaha ukampungua usoni.

"Binamu, nisipowaandika?"

"Umeapa."

"Nimeapa, ndiyo. Nauliza tu."

"Ukiacha kutuandika, nami siwezi kutuandika, hatukulala kule. Tutakuwa hatuko popote."

"Basi Wazungu watafurahi," akasema Hamuera, "tumekwisha kweli." Akaenda kwa anayefuata.

Usiku ule watu walimsimulia Te Hira. Mimi nilisimulia habari ya mikunga, alivyoniambia nimshike mkunga kichwa nikamshika mkia, na Mama Pirihira alicheka hadi akashika mbavu. Sitasema sikufurahi.

Jumatano tukazika, tukala, tukaondoka. Alhamisi nikaanza kukusanya fomu bondeni. Nyumba zenye watu zilikuwa nne. Nyumba ishirini na mbili niliandika sifuri, sifuri, sifuri. Tiria alikuwa amekaa mezani akinitazama.

"Baba, umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Na huyu?" Akaweka mkono tumboni.

"Wanaandikwa waliozaliwa tu."

"Basi tuko kumi na moja na nusu," akasema. Huria akaenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jioni yake Shangazi Te Paea akaja mwenyewe, kwa miguu, na mkate uliofungwa kitambaani. Aliketi bila kuvua koti.

"Nimefikiri," akasema. "Tuandike hapa pia."

"Hamuera ameshatuandika."

"Tuandike mara mbili. Kwani kuna dhambi gani mtu kuwa wengi? Walituandika pungufu miaka mingapi? Watu wa msituni hawakuhesabiwa. Mwenye baba Mzungu mwaka huu aliandikwa wetu, mwaka ule Mzungu. Nani aliapa kwa Biblia habari ya hao?"

"Si mimi."

"Ndiyo nakwambia. Wao wamekosea kushuka, wewe kosea kupanda. Itakaa sawa."

Maneno yake yalikuwa na maana, na nilijua. Fomu tupu nilikuwa nazo kasha zima. Kazi ya jioni moja. Nilichoogopa si jela. Nilifikiri: wataweka karatasi ya Tokarau na ya Waikotare pamoja, waone Eruera Takimoana amelala mahali pawili usiku mmoja, na Te Paea, na Karauria, watu mia na ishirini na sita. Halafu hakuna karatasi yetu yoyote itakayoaminiwa tena, hata ya ardhi. Hilo ndilo nililomwambia Shangazi. Lakini lilikuwepo na jingine ambalo sikumwambia. Tangu niache shule hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu cha kuandika na kuniambia, tunakuamini wewe. Nilitaka iwe sahihi.

"Kumi na moja," nikasema. "Na barua. Nitaandika barua."

Akainuka.

"Baba yako alikuwa hivi hivi," akasema. "Hakosei na hafanikiwi." Akaacha mkate, akaenda.

Barua niliandika kurasa tatu. Nilieleza matanga, nilieleza kudai maiti, nilieleza usiku wa mwisho. Mwalimu aliisahihisha akaipiga chapa. Sahihi zikawekwa mia moja na nne. Ikapelekwa kwa watu wa afya mwezi wa tano.

Jibu likaja mwezi wa nane, kwa lugha ya upole. Walituheshimu, walitupa pole ya msiba. Lakini hesabu ndiyo hesabu, Waikotare kumi na moja, Tokarau mia tatu na kumi na moja, maana wageni wa matanga walitoka pande zote, na nesi ameshapangiwa Tokarau. Waliahidi kuliangalia tena baada ya sensa ijayo, miaka mitano.

Tokarau hawakutuficha mzaha. Tulipokutana nao kwenye mchezo wa raga, mzee mfupi mwenye fimbo alinipigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja: "Eru, mlikuja kumchukua mtu mkaacha mia na ishirini na sita!" Nilicheka. Hamuera peke yake hakucheka. Alikuja akanipa pakiti ya sigara nzima, akarudi kwao.

Nesi alikuwa mwanamke mzuri, na alikuja kwetu kila Alhamisi ya pili kama mto ulimruhusu. Simlaumu. Tokarau walipata watoto wenye meno na vifua vizima. Nawajua watoto wale, ni damu yetu, na sioni sababu ya kuwaonea wivu, ingawa nimewaonea.

Tiria hakusubiri jibu. Mwezi wa sita, kabla ya mvua kubwa, alifunga vitu vyake. Mumewe, Rewi, alikuwa na kaka anayefanya kazi kwenye machinjio ya mjini. Nikawapeleka mimi. Tulivuka mto mara mbili, maji yakiwa magotini tu, na njia nzima alikaa ameshika mlango.

"Utarudi akishazaliwa," nikasema.

"Nitarudi nesi akishakuja, Baba."

Mtoto alizaliwa salama hospitalini, mvulana. Rewi akapata kazi pale pale. Akaja mtoto wa pili. Wakapewa nyumba yenye bomba ndani. Wanakuja Krismasi, na wajukuu wangu wananiamkia kwa Kiingereza.

Mwaka wa sitini na sita niliapishwa tena. Safari ile hakufa mtu. Bonde zima lililala nyumbani, na Shangazi Te Paea, akiwa hai bado, alikataza hata harusi wiki ile. Nilipita nyumba kwa nyumba. Magazeti yalikuwa yanasema sisi tunaongezeka nchini kuliko wakati wowote tangu Wazungu waanze kutuhesabu, na naamini, kwa sababu kila nikienda mjini nawaona, mitaa mizima. Kwangu nilihesabu hamsini na wanane.

Nilipiga hesabu upande wa nyuma wa fomu iliyoharibika. Tulikuwa mia moja thelathini na saba. Walizaliwa kumi na watano. Tulizika wanne. Walihama tisini. Siwezi kusema wote tisini walihama kwa ajili ya nesi. Wengi walifuata kazi, na wangefuata hata tungekuwa na hospitali. Nilihesabu wale tu walioniambia kwa mdomo wao, wakiwa wamesimama mlangoni na mizigo, kwamba wanaondoka kwa sababu hakuna wa kuwatibu watoto. Na katika wale wanne tuliowazika, nilihesabu wale tu ambao daktari wa mjini alisema wangefikiwa siku moja kabla wangepona.

Kaya nne. Watu thelathini na mmoja, Tiria na Rewi wakiwa wawili kati yao. Makaburi mawili: mzee Nopera, wa kifua, na mtoto wa Hoani, wa kike, miezi minane.